Bi Kware na Jalala la Sauti

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walionyimwa uji. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo ya pili imefika. Watoto, sogeeni mbele. Watu wazima, msijifanye mnasinzia, maana hadithi hii ina pahali panapowagusa. Inanigusa hata mimi, lakini hilo tutalifikia.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata goti langu hili lilikuwa bado haliumi, palikuwa na Bonde la Majani Marefu. Na katika bonde hilo kila mnyama alipiga kelele atakavyo, saa atakayo, kwa sauti aitakayo. Hewa ilikuwa haina mwenyewe.

Ikawa vurugu.

Tembo alimwita mkewe, akaja Kiboko. Kiboko alimwita mwanawe, akaja Tembo. Simba alinguruma awatishe swala, punda milia akaitika, "Abee!" Nyumbu walipigana siku mbili kwa sababu mmoja alimsikia mwenzake akimtukana, kumbe ni chura anasalimia. Nimelala nyumba za wageni nyingi katika safari zangu, zenye kuta nyembamba kama chapati ya maji, nikasikiliza ugomvi wa watu nisiowajua mpaka nikachukua upande. Lakini bonde lile lilikuwa limezidi.

Wanyama wakakaa. Wakasema, "Hewa igawiwe!"

Wakamteua Mzee Twiga aigawe. Kwa nini Twiga? Kwanza, kichwa chake kimo hewani mchana kutwa, kwa hiyo walidhani anaijua hewa. Pili, Twiga hana sauti. Ananong'ona tu, fsss, fsss. Wakasema, asiye na sauti hatajipendelea katika kugawa sauti. Na kwa kuwa kunong'ona kwake hakukusikika chini, wakamweka Kasuku juu ya pembe yake. Twiga ananong'ona, Kasuku anatangaza. Na Kasuku, mnamjua, akipewa neno moja anarudisha matatu.

Mzee Twiga akaigawa hewa kuwa njia. Njia ya sauti nene, njia ya sauti nyembamba, njia ya sauti ya kukwaruza, njia ya sauti ya kucheka. Kila njia na mwenyewe. Na mwenyewe alipatikanaje? Kwa kamba! Kila mwaka ilikuwapo Siku ya Kamba. Palikuwa na kamba moja ndefu ya ukindu, imesukwa vizuri, inazungushwa kifuani. Kifua kikijaza kamba, unapewa njia. Kisipojaza, unanyamaza. Ukiita bila njia, unafungwa mdomo kwa ukindu siku saba.

Tembo akajaza kamba, akapewa njia ya chini kabisa, ile inayosikika kwenye nyayo. Simba akajaza, akapewa ya juu yake. Fisi akavuta pumzi, akatuna mpaka macho yakamtoka, kamba ikajaa, akapewa njia ya kucheka. Nyati, Nyani, Tai, Mbuni, kila mmoja na yake.

Ikabaki njia moja. Ya katikati. Haikutakiwa na mtu.

Kwa nini? Kwa sababu ya Kigong'ota. Ndege huyu alikuwa hana maneno na mtu. Yeye alikuwa anakula. Chakula chake kiko ndani ya mti, na mti haufunguki kwa hodi. Basi anagonga. Ko-ko-ko-ko-ko! Asubuhi ko-ko-ko-ko-ko! Mchana ko-ko-ko-ko-ko! Na kelele za mapishi yake zote zilimwagikia njia ile ya katikati. Ukisema "Njoo" inasikika "N-ko-ko-jo-ko." Nani angeitaka? Wakaiita Jalala. Wakaisahau.

Sasa, katika majani marefu ya bonde hilo aliishi Bi Kware.

Bi Kware alikuwa mdogo, wa mviringo, wa rangi ya majani makavu. Siku ya Kamba alikwenda kama wengine. Wakamzungushia kamba. Ikamzunguka mara saba, na kipande cha kamba kilichobaki kingetosha kufungia mbuzi.

Kasuku akacheka mpaka akateleza pembeni. "Bibi wee! Hiki nacho ni kifua? Hiki ni kifuko cha tumbaku! Rudi majanini, ukanyamaze!"

Bi Kware akarudi majanini, akanyamaza.

Lakini sikilizeni. Kware hawaoni watoto wake. Majani yanamzidi urefu, na watoto wanafanana na udongo. Kware hulea kwa kuita. Anaita, wanaitika. Wakiitika, anajua huyu yuko kulia, huyu yuko kushoto, huyu amenasa kwenye mizizi. Ndivyo mama yake alivyomlea, ndivyo bibi yake alivyomlea mama yake.

Mwaka ule alitotoa vifaranga wanane. Wakatoka kiotani, wakaingia majanini. Mmoja kulia. Mmoja kushoto. Bi Kware akafumbua mdomo, akaukumbuka ukindu, akaufumba. Akawatafuta kwa miguu. Akakimbia huku, akakimbia kule. Wiki haikwisha, kiota kilikuwa kitupu.

Naye hakulia kwa sauti. Hakuwa na njia ya kulilia.

Mvua zikaja, zikaenda. Bi Kware akataga tena. Mayai tisa. Akaketi juu yake, akasema moyoni, "Safari hii, sivyo. Safari hii hata kama nitafungwa ukindu mpaka kwenye kope, watoto hawa watakua."

Lakini atafanyaje? Hakujua. Alijua tu ana njaa. Akashuka kiotani kidogo, atafute cha kutia tumboni. Na nani akatua mbele yake? Panzi! Mnene, wa kijani, anang'aa mafuta.

Bi Kware akamrukia. Panzi huyoo, yuko kulia. Akamrukia kulia. Panzi huyoo, yuko nyuma. Akageuka. Panzi yuko juu ya jani, anaimba:

Ti juu, ta chini,
Ti kulia, to kati,
Ukiniziba hapa, nipo pale!

Bi Kware akasimama, pumzi zimemwishia. Akasahau njaa. Akauliza kwa mnong'ono, "Wewe mdudu! Unaimba? Una njia?"

"Njia!" Panzi akacheka. "Ile kamba yao wangenizungushia mimi, ningepotea ndani yake wakanitafuta kwa jua. Sina njia yoyote, mama."

"Na hujafungwa?"

"Tangu nizaliwe naimba. Simba hajanisikia. Tembo hajanisikia. Kasuku mwenyewe, anayesikia hata wasiyoyasema watu, hajanisikia. Nina siri mbili. Ukiahidi hutanila, nitakupa."

Bi Kware akamtazama. Alikuwa mnene kweli. Akameza mate, akasema, "Naahidi."

"Siri ya kwanza. Naimba kidogo. Sauti yangu inafika kwa jirani, ikifika kwa jirani inalala hapo hapo, haina safari nyingine. Siri ya pili, sikai. Neno langu moja nalikatakata. Kipande juu, kipande chini, kipande kati. Mwenye njia ya juu akigeuza sikio, nimeshaondoka. Na wewe uliye jirani, unayejua wimbo, unaviokota vipande, unavishona, unapata neno zima."

"Mimi siwezi kurukaruka, baba. Unaniona nilivyo."

"Miguu ikae, mama. Iruke sauti."

Akamfundisha. Mchana kutwa. Ti juu, ta chini. Mwanzoni Bi Kware alitoa sauti kama mlango mbovu. Panzi akaziba masikio kwa miguu ya nyuma. Kufika alasiri, akaweza. Na tangu siku hiyo Bi Kware hali panzi. Yaani, hali panzi huyo. Wenzake sina habari zao.

Mayai yakaanza kugongwa kutoka ndani. Ilibaki kidogo tu.

Panzi akasema, "Basi lea, mama. Ibia tu kama mimi."

Bi Kware akatikisa kichwa. "Mtoto akimwita mama yake anaita kwa moyo wake wote, mwanangu. Nitamwambiaje mtoto wa siku moja kwamba kumwita mama ni wizi? Twende kwa Mzee Twiga."

"Wewe na nani?"

"Mimi na wewe."

"Mama, pale hadharani kuna ndege wengi wanaopenda panzi!"

"Utapanda mgongoni kwangu."

Wakaenda. Baraza lilikuwa limejaa, wenye njia zao wameketi mbele, vifua vimetuna.

"Shikamoo, Mzee Twiga," akasema Bi Kware.

Kule juu, fsss. Kasuku akatangaza, "Mzee anasema marahaba! Anauliza shida gani, mbona umekuja, nani anaangalia mayai, na hicho mgongoni ni posho?"

"Mimi si posho!" akasema Panzi.

"Mzee wangu," akasema Bi Kware, "njia zote zina wenyewe. Sikuja kumnyang'anya mtu. Nimekuja kuomba Jalala."

Baraza likalipuka. Nyani alicheka akaanguka. Fisi akacheka kwa njia yake halali. "Jalala! Anataka kulelea watoto jalalani!"

Kigong'ota, aliyekuwa kwenye mti wa jirani, akasita kugonga. Akainamisha kichwa kwa aibu. "Bi Kware, dada yangu, mimi nitagonga. Nisipogonga sili."

"Gonga, kaka. Ukigonga kati, nitasema pembeni. Ukigonga pembeni, nitasema kati. Na neno lako likilivunja neno langu, nitalisema tena."

Twiga alikuwa anatafuna. Wenye madaraka wakitaka kufikiri, hutafuna. Halafu fsss, fsss, fsss.

Kasuku akakuna kichwa. "Mzee anasema... Jalala halina mwenyewe, basi na liwe la kila asiye na njia. Kwa masharti matatu. La kwanza, mseme chini chini. La pili, msimsumbue mwenye njia. La tatu, mkisumbuliwa, msije kulia hapa! Kigong'ota akiwagongea, vumilieni. Jirani akiwapigia kelele, vumilieni."

"Na kamba, mzee?"

Fsss.

"Jalalani hakuna kamba. Nani ana muda wa kuwapima watu wa jalalani?"

Bi Kware akatoka mbio, Panzi kashika manyoya asianguke. Na alipofika kiotani, mayai yakapasuka. Pa! Pa! Pa! Tisa. Wa tisa alitoka kwa fujo, kavunja yai lake na nusu ya kiota, ingawa alikuwa mdogo kuliko wote. Mama yake akamwita Kishindo.

Wakaingia majanini. Mmoja kulia. Mmoja kushoto. Bi Kware akaita, akaita kweli. Tuimbe naye:

Ti juu, ta chini,
Ti kulia, to kati,
Ukiniziba hapa, nipo pale!

"Pii!" "Pii!" "Pii!" Wakaitika wote. Akawahesabu kwa masikio. Tisa.

Habari ikaenea. Nyenje akaja Jalalani, kwa heshima, akasimama mlangoni akidhani kuna mlango. Chiriku wakaja na ukoo wao. Panya akaja akaanza kutuma maneno kwa shemeji yake wa upande wa pili wa bonde. Vipi, na sauti inafika kwa jirani tu? Panya akamwambia Nyenje, Nyenje akamwambia Chiriku, Chiriku akamwambia Mjusi, Mjusi akamwambia shemeji. Kufika kule habari bado ilikuwa mbichi. Imeongezwa chumvi kidogo, lakini ni ile ile.

Kila mmoja aliingia na mtindo wake. Mwingine alirukaruka kama Panzi. Mwingine alisikiliza kwanza, akikuta kimya anasema, akikuta mtu anasema anasubiri. Kigong'ota akagonga, ko-ko-ko-ko-ko, wakampisha, akipumzika wakaendelea. Hakuna aliyekwenda kulia kwa Twiga. Na mjue, mpaka Bi Tembo, mwenye njia yake nene ya halali, alionekana akiinamisha masikio yale makubwa majanini, ananong'ona Jalalani. Alipoulizwa, alisema anatafuta hereni.

Jalala likawa ndiyo sehemu yenye uhai kuliko zote bondeni.

Na penye uhai, nani hufika ananusa? Enhe! Fisi.

Bwana Fisi alikuwa na njia yake. Lakini mambo yake hayakuwa mazuri. Alicheka, haitikiwi. Alimwita mkewe, kimya. Aliwaita ndugu zake kwenye mzoga, kimya, akala peke yake. Hilo halikumuudhi sana. Lakini aliporudi nyumbani kila mtu alimnunia, naye hakujua kwa nini.

Akaenda barazani, kifua mbele.

"Mzee Twiga! Hawa watu wa jalalani wananiharibia njia! Tangu waanze ti-ta-ti-to zao, naita siitikiwi. Wafukuzwe! Na lile Jalala, ili lisibaki bure likaleta uchafu, nipewe mimi. Kifua ninacho. Leteni kamba!"

Wenye vifua wote wakaunga mkono. Walikuwa wameanza kuliona Jalala kwa jicho jingine.

Twiga akatafuna. Akatafuna sana. Fsss.

"Mzee anasema tutapima!" Kasuku akatangaza. "Siku tatu Jalala linyamaze. Lote! Siku ya nne tukutane. Fisi akisikia vizuri katika siku hizo, basi wao ndio wabaya, na Jalala litapewa mwenyewe. Na atakayeita ndani ya siku tatu, ukindu!"

Siku tatu! Kwa Tembo siku tatu ni kitu gani? Kutafuna na kupepea masikio. Kwa mama mwenye vifaranga tisa majanini, siku tatu ni maisha mazima.

Siku ya kwanza Bi Kware aliwakalia wote. Tisa chini ya mbawa, huyu anachomoza kichwa hapa, anasukumwa ndani, yule anachomoza mguu kule. Hakuna aliyekula. Bonde lilikuwa kimya mpaka Kigong'ota mwenyewe akagonga kwa wasiwasi. Ko. Ko.

Siku ya pili, njaa ikawazidi. Adhuhuri, jua liko utosini, mama akasinzia kidogo tu. Kidogo hivi. Alipofumbua macho akahesabu. Wanane.

Kishindo hayupo.

Akanyanyua shingo. Majani, majani, majani. Na juu angani, Kipanga anazunguka. Duara moja. Duara la pili, dogo zaidi.

Na hapo karibu, hatua kumi tu, juu ya kichuguu, nani amelala? Bwana Fisi. Amekuja mwenyewe kuvizia atakayeita. Masikio ameyasimamisha kama majembe.

Bi Kware akafumbua mdomo. Akaufumba. Akiita, Jalala limekwenda, Nyenje amenyamaza, Panya amenyamaza, Chiriku wamenyamaza, na yeye ukindu mdomoni. Asipoita, Kishindo.

Kipanga akazunguka duara la tatu.

Bi Kware akaita.

Ti juu, ta chini,
Ti kulia, to kati...

"Pii!" Kutoka nyuma ya kisiki. Majani yakatikisika, brrr, Kishindo huyooo, mdomoni kashika sisimizi mkubwa kuliko kichwa chake, akapiga mbizi chini ya ubawa wa mama. Kivuli cha Kipanga kikapita juu yao, kikaenda zake.

Bi Kware akageuka polepole kumtazama Fisi.

Fisi hakugeuka. Alinyanyua mguu wa nyuma, akajikuna sikio. Kwaru-kwaru-kwaru. Akaendelea kusikiliza.

Panzi, juu ya jani, alikuwa amefumba macho yote. "Mimi sikuona kitu, mama. Sikusikia kitu. Hata sikuwapo."

"Ulikuwapo," akasema Bi Kware kwa ishara ya kichwa. "Nami nilikuwapo."

Siku ya nne, baraza. Bonde zima limekuja. Wenye njia mbele, watu wa Jalala nyuma kabisa, wamebanana kama dagaa.

Fisi akasimama. "Wazee! Sikusikia kitu siku zote tatu! Nimemwita mke wangu, hakuna jibu. Kwa nini? Kwa sababu hawa hawakunyamaza! Walipiga kelele usiku na mchana, kelele za kutisha!"

"Tulinyamaza!" wakalia watu wa Jalala. "Haki ya nani tulinyamaza!"

Kasuku akauliza, "Nani aliita?"

Panzi alikuwa mgongoni kwa Bi Kware, anamfinya. "Mama, usiseme. Mama, kaa. Mama, mimi ni mdudu lakini nina akili, kaa chini!"

Bi Kware akatoka mbele.

"Niliita mimi."

Baraza likavuma, wuuuu. Nyenje akajishika kichwa. Chiriku mmoja akaanza kulia. Kasuku akaruka kuchukua kamba ya ukindu. "Mmesikia kwa mdomo wake! Uleteni huo mdomo!"

"Nifungeni," akasema Bi Kware. "Lakini ukindu ukishaingia sitaweza kuuliza, basi niacheni niulize kwanza. Bwana Fisi, shemeji yangu, niliita mara ngapi?"

"Mara mia!"

"Siku gani?"

"Zote!"

"Adhuhuri ya siku ya pili ulikuwa wapi?"

"Juu ya kichuguu changu, nasikiliza kwa makini!"

"Niliita mara moja tu, bwana. Adhuhuri hiyo. Mwanangu alikuwa amepotea na Kipanga yuko juu. Niliita nikiwa hatua kumi kutoka mkiani mwako. Hukugeuka. Ulijikuna."

Fisi akajikuta anajikuna tena.

Hapo akanyanyuka Bi Fisi, mkewe. Mwanamke mpana, mpole, aliyechoka. "Na mimi nina langu. Mume wangu anasema sikumwitika. Mimi? Niliitika mpaka koo likakauka! Niliitika siku za kelele, nikaitika siku za kimya. Alinipita mlangoni kama anapita kisiki. Nikadhani ameoa!"

Baraza lote likaguna.

Sasa, Mzee Twiga alikuwa hajapata kuinama. Miaka yote aliitazama hewa kutoka juu. Siku hiyo akatanua miguu ya mbele, akaishusha shingo, polepole, polepole, Kasuku anang'ang'ania pembe, mpaka jicho lake likafika kwenye sikio la Fisi. Akachungulia la kulia. Akachungulia la kushoto.

Fsss.

Kasuku akanyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani, akanyamaza.

Fsss!

"Mzee anasema," akasema Kasuku kwa sauti ndogo, "hewa ni safi. Masikio ndiyo machafu."

Akaitwa ndege mla kupe, yule anayewasafisha nyati. Akaingia sikioni mpaka mkia. Pu! Kupe. Pu! Kupe, na mkewe. Pu! Mwiba wa mbigili. Pu! Tope la masika ya mwaka juzi, limeshaota kimmea. Upande wa pili, vivyo hivyo. Alipotoka alikuwa ameshiba wiki nzima.

Fisi akaruka. "Aaaii! Mbona mnanipigia kelele?"

Hakuna aliyekuwa anasema kitu.

"Ile inayolia shwaa ni nini?"

"Kijito," wakamwambia.

"Kimeanza lini?"

"Kabla hujazaliwa, bwana."

Bi Fisi akasogea nyuma yake. Akasema taratibu, kwa sauti ya Jalalani kabisa, "Mume wangu."

Fisi akageuka. Akamtazama mkewe kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Akainamisha kichwa, akasema, "Naam."

Basi Twiga akainyoosha shingo, akahukumu. Jalala libaki wazi. Halina mwenyewe, wala halitapata mwenyewe, na masharti ni yale yale matatu. Mwenye njia akilalamika kwamba amesumbuliwa, kwanza aonyeshe masikio.

"Na huyu?" Kasuku akauliza, kamba mdomoni. "Aliita ndani ya katazo! Amri ni amri!"

Twiga akatafuna. Ana kope ndefu yule mzee, hujui kama amesinzia au anakonyeza. Fsss.

Kasuku akashusha mabega. "Mzee anasema amri ni amri. Bi Kware apewe kamba ya ukindu. Yote. Aende nayo nyumbani, akajifunge mwenyewe. Akipata nafasi."

Bi Kware akaiburuta kamba mpaka nyumbani, vifaranga tisa wamepanga mstari nyuma yake, Kishindo amepanda juu ya kamba anaburutwa kama bwana harusi.

Mwaka ukazunguka. Siku ya Kamba ikafika, na kamba haipo. Kasuku akatumwa. Akaruka mpaka majani marefu, akatua, akachungulia. Akaikuta kamba. Imezungushwa vizuri, duara juu ya duara, laini, kavu. Ndani yake mayai kumi na moja. Juu ya mayai, Bi Kware.

"Nimeijia kamba," akasema Kasuku.

"Karibu, mwanangu. Keti."

"Ulitakiwa ujifunge."

"Nakumbuka," akasema Bi Kware, akajipanga vizuri juu ya mayai. "Lakini unaona mwenyewe nilivyo na kazi. Pita wiki ijayo, huenda nikapata nafasi."

Kutoka pande zote za majani, ti, ta, ti, to, wakamcheka Kasuku. Chini chini, kama masharti yanavyotaka.

Nami nawaambia waziwazi, mwende nalo. Msigawe kila kitu kwa wenye vifua. Acheni pahali pa wazi, pasipo kamba, kila mtu aseme taratibu na amvumilie jirani, mtaona wadogo watafanya nini hapo. Na kabla hujashitaki kwamba dunia ina kelele, kagua sikio lako. Hili la mwisho nililisimulia nyumbani kwangu jana, kwa madaha. Mke wangu alinyanyuka, akaleta kijiti chenye pamba.

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyesikia, namwazima kijiti.